Uchu wa sukari una saa zake

Asubuhi ile nilipimwa sukari kabla sijatia kitu kinywani, na kipimo kikasoma 6.3, yaani milimoli za sukari kwa lita moja ya damu. Muuguzi hakunitisha. Alinieleza kwa utulivu kwamba, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu akipimwa akiwa hajala na akakutwa kati ya 6.1 na 6.9, huyo hana kisukari bado, ila mwili wake umeanza kuelemewa. Ikifika 7.0 na kipimo cha pili kikasema hivyohivyo, basi ugonjwa umeshaingia. "Bado una nafasi," aliniambia. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo.

Usiku uleule nilikata shauri kuacha sukari yote. Niligawa sukari, biskuti, soda, kila kitu. Siku ya pili kichwa kikaanza kuuma, siku ya tatu nikawa nafoka kwa jambo dogo, na jioni ya siku ya tano nilimaliza pakiti nzima ya biskuti nimesimama jikoni, mlango nimeurudisha ili watoto wasinione. Nilianza upya mara tatu ndani ya miezi minne, na mara zote tatu niliangukia palepale. Baadaye nilikuja kujua kwamba soda niliyokuwa nakunywa kila siku ina kafeini, na mtu akiikatiza kafeini ghafla anaweza kuumwa kichwa siku kadhaa. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha vitu viwili kwa mpigo, na mateso yote nikayahesabia kimoja.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kuamini kwamba sina msimamo. Najua wapo wengi wanaoishi na imani hiyo, na hao ndio ninaowaandikia.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza swali lililonifungua macho. "Dada, hivi hiyo hamu huwa inakushika saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikachukua daftari dogo, na kwa wiki mbili, kila roho iliponituma kitu kitamu, niliandika ni saa ngapi, niko wapi, na mara ya mwisho nilikula nini. Sikujizuia kula. Niliandika tu.

Wiki mbili zilipokwisha nililisoma daftari na nikakaa kimya muda mrefu. Hamu yangu haikuwa ya siku nzima. Ilikuwa na saa tatu: saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa tatu usiku. Nje ya hapo, karibu hakuna. Kama tatizo lingekuwa udhaifu wa moyo, basi ningekuwa dhaifu saa zote. Kumbe kila saa ilikuwa na kisa chake, nami nilikuwa nikipigana na visa vitatu tofauti kwa silaha moja.

Kabla sijaingia kwenye hizo saa, niseme kuhusu chai, maana humo ndimo sukari nyingi ilimokuwa na wala haikuja kwa uchu. Ilikuja kwa mazoea. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Vijiko 12 ni gramu 48. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, shira na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na shirika lenyewe linasema kushuka hadi nusu yake kuna manufaa zaidi. Yaani kiwango changu cha kutwa kilikuwa kinaishia kwenye kikombe, kabla sijagusa soda wala biskuti. Na vijiko vyangu havikuwa vya kusawazisha, vilikuwa na kilima.

Safari hii sikuacha ghafla. Nilipunguza nusu kijiko kwa kila kikombe, nikakaa hapo wiki mbili, kisha nusu nyingine. Kutoka vijiko vitatu hadi sifuri ni hatua sita, jumla wiki 12. Kila hatua ilikuwa na siku tatu au nne za chai isiyo na ladha, na siku hizo ndizo zinazotaka uvumilivu. Halafu siku moja unakunywa na husikii tofauti tena. Karibu na mwezi wa tatu nilikaribishwa chai iliyotiwa sukari kama nilivyokuwa nikitia mimi zamani, na sikuweza kuimaliza. Ilikuwa kama kunywa shira. Hilo lilinifurahisha kuliko kupungua uzito. Ulimi hujifunza upya, ila unataka muda.

Watu watakushauri utie asali badala ya sukari. Asali ni nzuri, lakini takriban asilimia 80 yake ni sukari, na kwenye hesabu niliyoitaja inahesabiwa vilevile. Wengine watakuelekeza kwenye vidonge vya utamu visivyo na sukari. Nilivitumia mwezi mmoja nikaviacha, kwa sababu ulimi wangu ulibaki palepale ulipokuwa: unadai utamu uleule, nikipunguza kidogo unalalamika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao wamsikilize daktari wao.

Sasa turudi kwenye daftari.

Saa nne asubuhi ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kila mstari wa saa hiyo ulikuwa na kifungua kinywa kilekile: mkate mweupe na chai ya sukari. Mkate mweupe husagwa upesi tumboni na kugeuka glukosi, glukosi inajaa kwenye damu, kongosho linamwaga insulini kuishusha, na baada ya saa mbili tatu baadhi yetu tunabaki na njaa kali na mikono milegevu. Wakati huo mwili hautamani chungwa. Unataka kitu kitakachoingia kwenye damu haraka. Nilichobadilisha ni sahani ya asubuhi tu. Mayai mawili, au maharage yaliyobaki usiku, na kipande kimoja cha mkate usiokobolewa. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni na kuruhusu sukari iingie taratibu. Ndani ya wiki moja hamu ya saa nne ilikwisha, na sikuwa nimeikataza hata siku moja. Ukitaka kujaribu kitu kimoja tu katika haya yote, jaribu hiki.

Saa kumi jioni ilinisumbua kwa miezi. Mwanzoni niliidhania njaa, nikawa nakula karanga na mtindi usio na sukari. Ikapungua, haikuisha. Niliporudi kwenye daftari nikagundua kwamba siku mbaya zilifuata usiku mbaya. Nilikuwa nalala saa tano hivi kwa usiku, siku nyingine nne. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004: vijana 12 wenye afya waliruhusiwa kulala saa nne tu kwa usiku mbili, kisha wakalinganishwa na walivyokuwa walipopewa saa kumi kitandani. Homoni ya shibe, leptini, ilishuka kwa asilimia 18, na homoni ya njaa, grelini, ikapanda kwa asilimia 28. Hamu yao ilipanda zaidi kwa vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Nilipoyasoma hayo nilijisikia kusamehewa. Mwili uliochoka unadai mafuta ya kuwashia moto, na sukari ndiyo yanayowaka haraka.

Kulala mapema si jambo la kuamriwa tu. Mwenye mtoto mchanga au mwenye zamu za usiku ananielewa. Kwa siku ambazo usingizi haukutosha nilihitaji kitu kingine, na kilichonifaa ni kutembea. Si mazoezi. Robo saa ya mwendo wa haraka, nje, simu nimeiacha. Mara nyingi nikirudi ule uchu umeshalegea, kwa sababu wimbi la hamu hupanda na kushuka lenyewe usipolilisha. Wengi husema kunywa maji kunatosha. Kwangu mimi hakukutosha hata mara moja. Maji nayanywa kwa kiu.

Saa tatu usiku haikuwa njaa wala uchovu. Nilikuwa nimekula nikashiba, watoto wamelala, nimeketi kwenye kiti kilekile mbele ya televisheni, na mkono unatafuta kitu. Ilinichukua muda kukiri kwamba ile ilikuwa saa yangu ya kwanza ya utulivu tangu kuche, na kwa miaka nilikuwa nimeifunga na chokoleti. Chokoleti ilikuwa ndiyo ishara kwamba kazi za leo zimekwisha. Ukiondoa ishara bila kuweka nyingine, unabaki na utupu, na utupu huo unarudi na pakiti mbili.

Basi nilihama kiti. Inaonekana jambo dogo, lakini kile kiti na ule mkao vilikuwa vinaniita. Nikawa napiga mswaki mara tu baada ya chakula cha usiku, kwa sababu ladha ya dawa ya meno huharibu ladha ya kila kitu kitamu na kunipa sababu ya kuahirisha. Meno nayo yananufaika, kwani bakteria wa kinywani huigeuza sukari kuwa asidi inayokula meno, na usiku mate huwa machache ya kuisafisha. Kisha nikajitengenezea ishara mpya: kikombe kikubwa cha chai ya tangawizi bila sukari, nanywa polepole, peke yangu. Na kitu kitamu sikiweki tena ndani. Nikikitaka kweli, nitatoka kukinunua. Usiku nisiotoka ndio mwingi.

Zipo siku ambazo hamu haikufuata saa. Ilikuja na huzuni. Siku hizo niliandika jambo lililoniudhi badala ya chakula, na mara mbili nilimpigia mdogo wangu simu. Sina mbinu zaidi ya hiyo.

Kuhusu lebo, nenda ukurasa wa nyuma wa pakiti. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Sukari ikiwa kwenye vitatu vya mwanzo, hicho ni kitamutamu hata kama mbele pameandikwa afya. Huvaa majina mengi: glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi, shira ya mahindi. Kopo la soda la mililita 330 mara nyingi lina gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa. Mtindi wenye ladha ya matunda na sosi ya nyanya vilinishangaza zaidi ya soda, maana soda angalau haijifichi. Juisi halisi ya matunda nayo, glasi moja ya mililita 250 inaweza kuwa na gramu zaidi ya 20, na nyuzinyuzi zake nyingi zimeachwa kwenye chujio. Tunda lenyewe kula bila hofu. Sijawahi kuona mtu akila machungwa matano kwa dakika mbili, lakini kuyanywa ni rahisi.

Kwenye sherehe nakula keki. Kipande kimoja, baada ya chakula na si tumbo likiwa tupu, nimekaa, nakisikia. Zamani kipande hicho kingekuwa mwisho wa kila kitu, ningesema nimeshaharibu, nitaanza upya wiki ijayo, na wiki yenyewe ingejaa biskuti. Sasa chakula kinachofuata ndicho mwanzo mpya.

Tafadhali, kama unatumia insulini au dawa za kushusha sukari, usipunguze chakula chako kwa kusoma makala. Dawa ile ile ikikutana na chakula pungufu, sukari inaweza kushuka mno: kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Hapo sukari ndiyo tiba, na inatakiwa upesi. Zungumza na daktari kwanza.

Baada ya miezi saba nilirudi kupimwa, kikasoma 5.4. Siwezi kusema ni sukari peke yake, kwa sababu nilikuwa natembea, nalala zaidi, na kilo nne zilikuwa zimeondoka. Muuguzi alikuwa yuleyule. Aliniuliza nimeacha nini, nikamwonyesha daftari, akalisoma akiwa amesimama huku foleni ikinisubiri nyuma.

Chai nakunywa bila sukari. Kahawa ya asubuhi bado ina nusu kijiko. Nilijaribu kuiondoa mara mbili nikashindwa, na nimeamua ibaki.