Ukiitwa kituoni "tuongee kidogo"

Wiki hii dada mmoja wa Malindi, mwenye ukurasa wa habari za mtaa, ameniandikia. Aliandika juu ya viwanja vya ufuoni, na sasa kuna mtu anampigia kwa namba asiyoijua. Anajitaja kuwa ni askari wa upelelezi na anamtaka afike kituoni "tuongee kidogo." Anauliza, aende au asiende? Nusu yenu mnaosoma hapa mna kurasa kama hiyo au mnaitamani, kwa hiyo namjibu mbele ya wote.

Mwito wa simu si mwito. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinamruhusu askari kumwita mtu anayedhaniwa kuwa na habari za kusaidia uchunguzi, lakini kwa maandishi, na katika kituo kilichoko kaunti anamoishi au alimo wakati huo. Mkazi wa Malindi haitwi Nairobi kwa simu. Mjibu kwa adabu: "Afande, nitafika. Naomba mwito wa maandishi, jina lako na namba yako ya kazi." Kisha mtumie maneno hayo hayo kwa ujumbe, ushahidi ubaki. Aliyetaka kutisha tu atanyamaza hapo. Barua ikija kweli, nenda, maana kuikwepa bila sababu ni kosa. Nenda na wakili, asubuhi, mapema katika wiki. Jina na anwani vitaje sawasawa. Swali linaloweza kukutia hatiani, kifungu hicho hicho kinakuruhusu usilijibu. Usiandikishe maelezo bila wakili, wala usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma hadi mstari wa mwisho.

Siku ya wiki ina maana yake. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya kazi, hungojwa siku ya mahakama inayofuata. Huo ndio mwanya. Rose Njeri, aliyetengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma pingamizi dhidi ya Mswada wa Fedha, alikamatwa Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Madaraka ikaangukia Jumapili, Jumatatu ikawa mapumziko, akamwona hakimu Jumanne. Tarehe 20 Juni mahakama ikayatupa mashtaka. Kesi haikufika popote, lakini seli alikwisha kulala. Katika mambo haya adhabu ni njia yenyewe: usiku wa korokoroni, safari, na simu isiyorudi. Hukumu wanaotisha hawaihitaji.

Safari ndiyo ya kuogopa zaidi. Albert Ojwang', mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 akapelekwa Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakanusha. Huko bara watu wanaogopa Subaru zisizo na namba. Sisi wa Lamu tuna boti. Mtu akishavushwa hadi Mokowe, mbele yake ni barabara ya Garsen, na kuanzia hapo kila kituo kinaweza kusema "hatumjui."

Kwa hiyo pangeni kabla. Chagua watu wawili, mmoja mjini Lamu na mmoja Mokowe, kila mmoja awe na namba ya wakili kwenye karatasi, si ndani ya simu tu. Habari ikitoka, wa Mokowe aende gatini papo hapo, na wa mjini aende kituoni aulize namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Wakimkana, aandike jina la askari aliyemjibu na saa, kisha aende kituo kinachofuata. Karatasi iwe na jina kamili la aliyekamatwa, namba ya kitambulisho, mahali na saa, nguo alizovaa, boti au gari, na nani aliona. Maneno hayo ndiyo wakili atakayoyaweka kwenye kiapo akiomba Mahakama Kuu, iwe ya Garsen au ya Malindi, iwaamuru polisi wamlete mtu mbele ya jaji. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya asiyeweza, bila ada ya kufungua shauri. Na haki ya kuombewa amri hiyo ni miongoni mwa zile ambazo kifungu cha 25 kinasema hazipunguzwi kwa lolote.

Hilo la mwisho Lamu tulishike kwa meno. Hapa mkosoaji haitwi mchochezi, anaitwa al-Shabaab. Human Rights Watch waliyaandika hayo mwaka 2018, walipoorodhesha vitisho kwa wanaharakati waliohoji LAPSSET, ule mradi wa bandari na barabara, na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Mwaka 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya mtambo huo. Waliokuwa wakitishwa walikuwa na hoja. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yalifungiwa akaunti za benki mwaka 2015 kwa madai ya ugaidi, na ilichukua miezi mpaka Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe. Basi kikundi chenu kisiweke fedha zote za wakili kwenye akaunti moja. Na msidanganywe kununua dhamana ya polisi, ni bure. Wakitaka fedha taslimu za dhamana, mdai risiti.

Simu. Weka nenosiri refu, si alama ya kidole, na uizime kabisa kabla ya kuingia kituoni. Wakiichukua, dai orodha ya vitu vilivyochukuliwa na uulize kibali cha mahakama. Watengenezaji filamu wanne walikamatwa Mei 2025 kwa kuhusishwa na filamu ya BBC kuhusu mauaji ya waandamanaji. Wachunguzi wa Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, baadaye wakakuta programu ya ujasusi, FlexiSPY, ndani ya simu zilizokuwa mikononi mwa polisi. Simu iliyorudi usiitumie tena na watoa habari wako. Iache imezimwa mpaka mtaalamu aiangalie.

Wanaokupigia makofi mtandaoni hutawaona kituoni. Hilo lizoee mapema. Ndiyo maana usiandike ya kufurahisha makofi, andika unachoweza kukithibitisha. Kashfa si jinai tena tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ilipofuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, lakini kesi ya madai ipo, na mwenye kudai ana miezi 12.

Dada wa Malindi, chapisho lako usilifute usiku huu kwa sababu ya simu. Lihifadhi kwa tarehe pamoja na picha na hati zake. Kama kuna kosa, lisahihishe hadharani. Kesho iandikie ofisi ya ardhi ombi la rekodi za viwanja hivyo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, na wakinyamaza unakwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki za Utawala. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri mbele yako, urudi nayo.