Cabernet au Makutupora nyekundu? Kabla ya mbegu, chagua mwezi wa kupogolea

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Una ekari mbili Mpunguzi na hujui upande Cabernet Sauvignon, Pinot Noir au Makutupora nyekundu, zote zabibu za mvinyo mwekundu. Halafu unashangaa mbona mvinyo wa Syrah, zabibu nyekundu nyingine, wa hapa Dodoma haufanani na ule wa Ufaransa ulioletewa, wakati zabibu ni ileile. Mimi nalima upande wa Hombolo, huu mwaka wa kumi na moja, nitajibu kwa niliyoyaona shambani.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo lenye jibu la la kwanza.

Zabibu changa inakaza meno kama ukwaju. Ikianza kuiva inajaza sukari, na joto linaunguza ule ukali wake. Penye baridi inaiva taratibu, ukali unabaki, mvinyo unakuwa mwepesi. Penye jua kali sukari inapanda haraka, na sukari ndiyo kilevi: kila gramu 17 hivi kwenye lita moja zinakupa kama asilimia 1. Sasa hiyo Syrah yako, kaskazini mwa bonde la Rhône kule Ufaransa, ambako kuna ubaridi, inanukia pilipili manga kabisa. Ipeleke Barossa kule Australia, wanaiita Shiraz, unakuta kitu kizito, cheusi, kama jamu. Cabernet nayo ikivunwa kabla haijaiva sawasawa inatoa harufu ya pilipili hoho mbichi. Ukiisikia usidhani pua yako ina shida. Pinot Noir isahau. Ngozi yake nyembamba, imezoea ubaridi wa Burgundy, Ufaransa, huku itakupa kesi tu.

Lakini tofauti yetu kubwa na wenzetu si joto peke yake. Ulaya mzabibu unalala. Baridi ikija unapukutisha majani, unaamka wenyewe, wanavuna mara moja kwa mwaka basi. Hapa tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, baridi ya kuulaza haipo. Anayeuamsha ni wewe na mkasi wako. Ukipogolea leo, miezi minne hivi mbele unavuna, ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mfaransa akitaka hali nyingine ya hewa itabidi ahame shamba. Wewe unasogeza tarehe tu.

Na tarehe si mchezo. Mwaka mmoja nilichelewa kupogolea, vibarua wote walikuwa wamekimbilia kuandaa mashamba ya mtama, nikaja kushika mkasi Novemba inaisha. Zabibu zikaiva mwishoni mwa Machi, mvua inapiga. Ukiibonyeza punje inapasuka yenyewe, maji matupu. Mnunuzi akadondosha tone kwenye kile kipimo cha sukari, ikasoma 16, yaani asilimia 16 ya sukari kwenye maji ya zabibu, akasema bei ile ya makubaliano haipo. Nikabishana naye siku mbili nzima, kosa la kijinga, maana siku ya tatu vishada vya chini ya kreti vilikuwa vimeota ukungu. Nikakamua mchuzi wa zabibu mwenyewe nyumbani, nikauza kwa bei ya kutupa.

Mistari ileile, Syrah ileile, nikaipogolea mwisho wa Aprili. Juni na Julai unajua upepo wetu, usiku nyuzi 13 au 14, asubuhi unaenda shambani umevaa koti, mchana jua jeupe bila wingu. Mwisho wa Agosti punje zilikuwa ndogo, ngozi ngumu, ukitafuna mbegu inavunjika kama karanga. Kipimo kilisoma 23, na ukali bado ulikuwepo, kwa sababu usiku wa baridi hauuachi uungue wote. Ukionja mvinyo wa misimu hiyo miwili utaapa ni mbegu mbili tofauti. Kwa hiyo unapolinganisha Syrah ya Dodoma na ya Ufaransa, uliza kwanza: ya mwezi gani?

Haya, ekari zako mbili. Ningekuwa wewe ekari moja na nusu ningeweka Makutupora nyekundu. Wanaojidai wataalamu wa glasi wanaidharau, lakini inazaa sana, imezoea udongo wetu, na hata msimu wa mvua unapata chochote. Nusu iliyobaki weka Syrah, nayo ipe nguvu msimu wa kiangazi. Wa mvua usiitegemee. Ukipenda nyeupe, Chenin Blanc inavumilia joto bila kupoteza ukali wote, ndiyo maana Afrika Kusini wameijaza. Cabernet mimi nilipanda mistari minne kwa ajili ya jina tu. Inazaa kidogo, na mnunuzi wangu hakuniongezea hata shilingi.

Msimu wa kiangazi unataka maji ya uhakika, kwa hiyo kama huna kisima usisikilize hata neno moja nililosema kuhusu Agosti. Miche kaulizie kituo cha utafiti Makutupora, usinunue vijiti vya kupita barabarani. Jirani yangu aliuziwa Syrah, ilipozaa ikawa nyeupe. Na kipimo cha sukari nunua cha kwako. Siku ya kuvuna pima wewe kwanza asubuhi, kabla gari la mnunuzi halijafika.