Mlazimishe mtu asome alichoandika kabla hakijaenda

Mbukwenyi wadau. Juzi dada mmoja wa Singida kaniandikia, "Shikamoo kaka, naona chaneli yako ya vyumba haina makorokoro kabisa, mimi grupu langu kila asubuhi nafuta matangazo ya mikopo, waganga na wale wa jiunge freemason, wewe unafanyaje?" Marahaba dadangu. Najua wengi humu mna magrupu ya mazao, ya vyumba, ya mitumba, na wote mnataka siku moja yawape hela, kwa hiyo namjibu hapahapa kila mtu asome.

Dodoma mnaijua ilivyokuwa tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku. Watumishi, wanafunzi wa UDOM, mafundi wa kule Mtumba, kila mtu anatafuta chumba. Nikafungua grupu Telegram, una chumba Nkuhungu au Ng'ong'ona unatupia. Likajaa fasta na balaa likaanza, maana kutuma takataka hakumgharimu mtu kitu, anakopi anabandika kwenye magrupu kibao, akinasa mmoja tu kashalipwa. Na hata wenye vyumba vya kweli walikuwa wanaandika "chumba kikali bei poa njoo inbox". Kiko wapi sasa? Bei poa ndo shingapi? Luku yako peke yako au mnachangia? Maswali hayohayo kila siku, mwisho matusi.

Jamaa niliyekuwa naye kwenye uadmin akataka tuongeze sheria pale juu. Sheria zipo, nani anazisoma? Tukabishana wee, mwisho akaenda kufungua la kwake na madalali wakubwa akawabeba wote, hata kuniaga hakuniaga. Haya.

Wazo langu lilitoka kwenye kutuma hela kwa simu. Hela haiendi hivihivi, unaonyeshwa kwanza jina la mtu na kiasi ndo uweke namba ya siri, na hapo ndo unashtuka kumbe tarakimu moja siyo. Sasa tangazo kwa nini lisipite njia hiyo? Nikafunga grupu nikafungua chaneli, maana kwenye chaneli wanaopost ni maadmin tu, nikaenda kwa BotFather, akaunti ya Telegram yenyewe ya kusajilia boti (yaani programu inayochati na watu yenyewe), nikachukua tokeni, ule ufunguo wa kuiendesha, kijana mmoja anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, akaiandika boti, nikaipa uadmin. Mwenye chumba anaiandikia boti, boti inamrudishia tangazo lake vilevile litakavyoonekana, chini vitufe viwili, Rekebisha na Tuma. Hajabonyeza Tuma, haliendi popote.

Akaunti nyingi za roboti zinamwaga maneno zinasepa, hazijatengenezwa kusubiri jibu wala kubonyeza kitu, kwa hiyo zinaishia kwenye boti. Ila iwe lazima jamani! Ukiweka kitufe cha hiari cha kuangalia kwanza, atakayekibonyeza ni yule mstaarabu ambaye wala hakuwa tatizo.

Kwa binadamu ndo raha zaidi. Akiona "Bei: haijaandikwa, Eneo: halijaandikwa" juu ya tangazo lake mwenyewe, anarudi kuandika bila kuambiwa na mtu. Kuna mzee wa Kikuyu alikuwa anaandika herufi kubwa tupu, alivyojiona kwenye boti akanipigia, "Kijana, mbona hapa nafoka hivi?" Nilicheka sana, miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kitufe cha Rekebisha kitangulie, Tuma kifuate. Tangazo lenye linki lisubiri admin. Na usimzungushe mtu hatua tano, atakimbia, moja inatosha ila isirukwe.

Tapeli wa kweli, yule wa "tuma hela ya kuonyeshwa chumba", boti haimzuii, huyo anasoma vizuri na anabonyeza Tuma bila aibu. Namfuta mwenyewe, na akinitumia SMS za kitapeli namba yake naipeleka 15040 ya TCRA.

Waliosema naringa wapo, na members walipungua kweli. Lakini vijana tunapenda sana idadi, unajisifia grupu limejaa halafu ndani hakuna anayepata chumba, ni kelele tu, kila mtu anaandika hakuna anayesoma, hata chake mwenyewe hasomi! Tubadilike. Leo wenye nyumba wa Ilazo na Kisasa wananitafuta wenyewe, na yule jamaa nasikia naye anaulizia boti.

Dada wa Singida, kama uko WhatsApp anza kwa mkono. Weka mpangilio wa maadmin tu kutuma, mtu akuletee tangazo inbox, mrudishie ulivyolipanga, asipojibu TUMA usipost. Inachosha, sikufichi. Ukihamia Telegram niambie nikuunganishe na yule kijana wa Python, ila bure hafanyi.