Ubingwa wa usingizi: uhitaji mkubwa, nafasi za kuhesabu

"Dokta, usingizi unalipa?"

Watarajali, madaktari wapya walio mafunzoni, huniuliza hivyo mlangoni mwa thieta, wakimaanisha kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji, kwa sauti ya chini kama watu wanaopanga kutoroka zamu. Wengine wameshaona kwenye simu mshahara wa daktari wa usingizi wa Marekani, ambao kweli ni miongoni mwa mikubwa kuliko ya kazi zote kule. Wasichokiona ni kwamba ukienda na MMed yako ya Muhimbili, yaani shahada ya ubingwa, utafanya mitihani yao ya leseni, kisha kwa kawaida utarudia mafunzo ya hospitalini kwa miaka minne kama ndiyo kwanza umetoka chuo. Tuyaache ya Marekani. Soko ninalolijua ni la hapa Tanzania.

Uhitaji upo, tena mkubwa. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa usingizi, WFSA, linataka wasipungue 5 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Piga hesabu: tunatakiwa kuwa zaidi ya 3,000. Tuliopo ni wachache mno mbele ya idadi hiyo, na wengi tumebanana kwenye hospitali kubwa za mijini. Ukiitazama hesabu hiyo unaona kama siku ya mahafali hospitali zitakuja kukugombania getini. Nami niliona hivyo. Nilikaa miezi saba nikisubiri ajira, nikilipwa kwa kesi, yaani kwa kila mgonjwa wa upasuaji, wiki nyingine kesi mbili, wiki nyingine sifuri. Anayeleta uhitaji ni mgonjwa. Ajira inaletwa na kibali cha kuajiri, na kibali kinasubiri bajeti.

Kuna jambo jingine ambalo chuoni halisemwi wazi. Sehemu kubwa ya usingizi nchini haitolewi na madaktari. Vituo vingi vya afya vimejengewa thieta ili mama mwenye uchungu pingamizi, mtoto amekwama, asisafirishwe usiku kwenda wilayani, na anayempiga ganzi ya mgongo pale ni muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi. Kwa hiyo wewe muuguzi unayesoma hapa, mlango wako ni mpana kuliko wa daktari bingwa, na uko karibu zaidi. Madaktari hawapendi kulisikia hilo.

Bingwa soko lake limehamia kwingine. Upasuaji wa moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, upandikizaji wa figo Muhimbili na hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wanaohitaji kulazwa usingizi ili wakae tuli ndani ya mashine ya picha ya MRI: hizo ni kazi ambazo miaka ishirini iliyopita tulikuwa tunazipungia mkono uwanja wa ndege zikielekea India. Halafu kuna ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO za mwaka 2021, ambazo wengi wanazikumbuka kwa madarasa, zilijenga pia vyumba vya wagonjwa mahututi na kuleta mitambo ya oksijeni. Kitanda na mashine ya kupumulia vinanunuliwa kwa zabuni, mtu wa kuviendesha hanunuliwi hivyo. Ningekuwa naanza leo, ningeweka nguvu zangu ICU kabla ya thieta.

Sasa mkataba. Hospitali yangu ya kwanza niliikubali kwa sababu ya nyumba ya bure. Thieta nilikuta mashine ya usingizi mpya kabisa, nailoni bado haijatolewa. Nikafurahi. Kumbe kivukizi chake, kile kifaa kinachogeuza dawa ya usingizi kuwa mvuke, ni cha dawa ya aisofureni, na stoo wameagiza halotheni, dawa nyingine, ya mwaka mzima. Huwezi kuweka dawa moja kwenye kivukizi cha nyingine, kipimo kinakudanganya na unaweza kuua. Nilifanya kazi miezi minane kwa ketamini, dawa ya usingizi ya kuchoma sindano, na ganzi ya mgongo tu. Wagonjwa walipona, lakini mkono wangu ulianza kusahau kazi nyingine zote, na mwajiri wa pili aliponiuliza kesi ya mwisho ya kifua niliifanya lini, nilitazama dari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshahara, omba kuingia thieta. Tazama kivukizi, kisha nenda stoo ukatazame chupa. Uliza kama kipo kipimo cha kaboni dioksaidi anayotoa mgonjwa, maana kile cha oksijeni cha kubana kidoleni kinachelewa kukuambia kwamba mrija umeingia kooni pasipo pake. Uliza umeme ukikatika saa nane usiku na oksijeni ikakatika nao, nani anawasha jenereta. Na muulize mganga mfawidhi, kwa heshima lakini bila aibu, nani mwingine atashika zamu. Akijibu "tutaongea", jua zamu zote ni zako.

Hospitali binafsi zina utaratibu wake. Mgonjwa hachagui daktari wa usingizi, anachagua mpasuaji, na mpasuaji ndiye anayekupigia simu. Mteja wako ni yeye. Chelewa mara mbili, atampigia mwingine, wala hatakuambia. Na usitegemee mlipaji mmoja: kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei za mfuko wa taifa wa bima ya afya, kilipoanza Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa mfuko, na sisi tuliolipwa kwa kesi tukakaa tunatazama simu.

Wanaofikiria Oman au Saudia nisiwakatishe tamaa, wenzangu wapo huko na wanajenga. Jiandae kwa uhakiki wa vyeti wa DataFlow na mtihani wa leseni wa Prometric. Hapo ndipo daftari la kesi linapokuwa na thamani. Anza nalo siku ya kwanza ya ubingwa: tarehe, aina ya upasuaji, aina ya usingizi, nani alikusimamia, sahihi yake. Jina la mgonjwa usiliandike.

Langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kaunta buku la kwaya tatu. Liliibwa pamoja na begi kwenye daladala la Mbagala, na wasimamizi wawili kati ya wanne walioweka sahihi walikuwa wameshastaafu. Piga picha kila ukurasa, siku ileile.