Kirutubisho cha Viungo vya Farasi: Soma Gramu Kabla ya Kusoma Ahadi

Farasi anapoanza kuzeeka, au hatua zake za kwanza za asubuhi zinapoonekana kuwa nzito, mmiliki hushauriwa kununua kirutubisho cha viungo, yaani cha maungio ya mifupa, mapema mno, mara nyingi kabla ya mtu yeyote kuushika mguu wenyewe. Nimewalisha farasi wangu bidhaa za aina hii kwa muda mrefu, na sioni tena sababu ya kuanzia dukani. Farasi anayechechemea huenda ana jipu ndani ya kwato, kano iliyojeruhiwa au uvimbe wa tishu zinazoshikilia kwato, na hakuna unga wa kuchanganya na chakula utakaomponya. Daktari wa mifugo akunje viungo kimoja kimoja, amtazame farasi akikimbizwa taratibu mahali pagumu na, ikibidi, apige eksirei. Jibu likiwa ni kuchakaa kwa gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye viungo, hapo ndipo mazungumzo ya kirutubisho yanapokuwa na maana.

Ukiushika mkebe, ugeuze nyuma. Picha ya farasi anayeruka haikuambii chochote, ilhali jedwali la viambato linaweza kukuambia mengi ikiwa limeandika gramu kwa kila kipimo cha siku. Kwa farasi wa kilo 500, kiwango kinachotajwa sana ni takriban gramu 10 kwa siku za glukosamini, kiambato maarufu cha virutubisho vya viungo. Sasa chukua bidhaa ambayo kipimo chake cha siku ni gramu 15 na inayojisifu kwa viambato kumi na viwili, pamoja na ladha ya tufaha: hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba vingi kati ya viambato hivyo vimo kwa jina tu. Mimi huirudisha rafuni bidhaa yoyote inayoficha viwango nyuma ya maneno kama “mchanganyiko maalumu”, hata isifiwe namna gani.

Lebo yenyewe nayo haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima bidhaa 23 za farasi zenye glukosamini na kukuta 9 zina kiasi pungufu ya kile kilichoandikwa. Jambo hilo halishangazi ukijua kwamba bidhaa hizi hazithibitishwi kama dawa zinavyothibitishwa kabla ya kuuzwa. Nchini Marekani, hata sheria ya mwaka 1994 ya virutubisho vya binadamu haiwagusi wanyama. Huko lipo Baraza la Kitaifa la Virutubisho vya Wanyama, NASC, lililoanzishwa mwaka 2001, ambalo muhuri wake huonyesha kuwa mtengenezaji amekaguliwa. Muhuri huo hauthibitishi kwamba kirutubisho kinafanya kazi, lakini mtengenezaji anayekubali kukaguliwa, na anayejibu barua yako ya kuomba matokeo ya maabara, anastahili kutangulizwa mbele ya asiyejibu.

Kuhusu ufanisi, ni vizuri matarajio yako yawe ya wastani. Glukosamini inayoliwa hufyonzwa kwa kiasi kidogo sana kwa farasi, chini ya sehemu moja ya kumi, na ushahidi wa faida yake ni dhaifu kuliko umaarufu wake. Sehemu ya mafuta ya parachichi na soya isiyoweza kugeuzwa kuwa sabuni ilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ikapunguza mmomonyoko wa gegedu ingawa haikuondoa maumivu dhahiri. Asidi za mafuta za omega-3 zinaleta matumaini, hasa zile za mafuta ya samaki na mwani, kwa kuwa mwili wa farasi hubadilisha sehemu ndogo tu ya omega-3 ya mbegu za kitani kuwa aina hizo. Kama ningelazimika kuchagua kimoja, ningeanzia hapo.

Mwenye farasi wa mashindano ana mzigo wa ziada. Baadhi ya bidhaa za “asili” zina mzizi wa Harpagophytum, mmea wa kusini mwa Afrika, ambao kemikali yake ya hapagosidi imo katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi. Kapsaisini ya pilipili pia hairuhusiwi mashindanoni, nayo ndiyo iliyokutwa kwa farasi kadhaa wa kuruka vizuizi kwenye Olimpiki ya 2008, hadi Norway ikapoteza medali ya shaba ya timu. Kwa hiyo andika namba ya toleo la kila mkebe unaoufungua, ili farasi akikutwa na kitu ujue kilitoka mkebe upi.

Ukishachagua, anza na bidhaa moja tu, bila kubadilisha wakati huohuo viatu, mazoezi wala dawa ya maumivu, maana ukibadilisha vyote hutajua kilichosaidia. Mrekodi farasi kwa video kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki mbili, kwenye ardhi ileile na akiongozwa na mtu yuleyule. Piga hesabu ya gharama kwa siku, kwa kipimo kamili cha uzito wake, kwa sababu bei ya mkebe hudanganya. Mimi hutoa muda wa wiki nane. Video ya mwisho ikifanana na ya kwanza, ninaacha, na fedha ile naipeleka kwa fundi wa kwato na kwenye kumpunguzia uzito farasi aliyenenepa, kwa kuwa kila kilo ya ziada hubebwa na viungo vilevile ninavyotaka kuvinusuru.