Kwa mliokosa kura na mnatafuta kazi

Juzi mdogo wangu mmoja, msomaji wa hapa, kaniandikia: "Dada, kura hazikutosha. Nina shahada ya uhasibu. Nianzie wapi?" Kwa kuwa wengi mnaniuliza hilohilo, jibu naliweka hapa.

Mwaka 2020 kura za maoni ndani ya chama za udiwani wa viti maalumu ziliniacha. Waliokuwa wakiniita mheshimiwa wakaacha hata kupokea simu zangu. Inaniuma mpaka leo, siwafichi. Ila sikutoka mikono mitupu. Mnajua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, basi fomu zikitangazwa vikundi vinazuka kila mtaa. Kikundi cha kweli nilikuwa nakijua kwa daftari lake la hisa, yaani akiba za wanachama: kurasa zimechakaa, wino wa kila rangi, faini za wachelewaji zimeandikwa kwa majina. Cha kuunga-unga kina kalamu moja na mwandiko mmoja, Januari mpaka Desemba.

Hayo ndiyo niliyoeleza kwenye usaili wa benki, nikapewa dawati la mikopo midogo. Maisha ya benki mnayajua, ni malengo na marejesho. Huko ndiko nilikojifunza kumwambia mtu "hapana" nikimtazama usoni. Diwani husema "tutaliangalia", na mama wa watu anarudi nyumbani na matumaini hewa.

Sasa niko kwenye asasi ya hisani. Aprili 2023 serikali iliposimamisha ile mikopo ya halmashauri, kina mama walijaa mlangoni kwetu. Wenzangu walitaka tugawe sawa kwa wote. Nikakataa, nikaomba madaftari kwanza. Vikundi tulivyovichagua vimesimama hadi leo, na najivunia.

Kwa hiyo msione haya kuhama. Mzee Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966, akawa waziri wa fedha, akajiuzulu 1979, na 1992 akaanzisha chama cha siasa. Alikokwenda kote aliijua hesabu.

Mdogo wangu, wewe ni mhasibu. Kabla hujasambaza CV, rudi kwenye vikundi ulivyoviomba kura. Desemba wanavunja mzunguko na kugawana akiba. Kaa nao, wasaidie kufunga hesabu, usipige picha. Waliokunyima kura nao wahesabie.