Maswali ya Wasomaji: Lori Linalozima Mlimani na Kukataa Kuwaka

SWALI: Bwana Fundi, pokea salamu zangu. Nina lori lenye injini ya silinda 6 na pampu ya dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, nami hubeba mahindi kutoka Kitale hadi Nakuru. Kwa miezi miwili sasa, nikishapita Burnt Forest na kuanza kupanda kuelekea Timboroa, injini hupungukiwa na nguvu kidogo kidogo, hukohoa mara mbili tatu, kisha huzima. Stata huizungusha vizuri lakini haiwaki, wala ekzosi haitoi moshi wowote. Tukikaa dakika 40 hivi, na mara nyingi utingo wangu akiwa amekwisha kufungua tanki apime mafuta kwa kijiti, huwaka na kunifikisha Nakuru bila taabu. Filta nimebadilisha mara mbili. Fundi mmoja anataka kufungua pampu na kuweka nozeli mpya zote sita, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Je, nikubali?
Mwenye lori, Kitale

JIBU: Ndugu yangu, usikubali bado. Nozeli sita haziugui pamoja mlimani zikapona pamoja baada ya nusu saa. Nozeli ikiharibika, silinda yake hugonga, au hutoa moshi, au injini hutetemeka, lakini zile nyingine huendelea na kazi. Pampu iliyochakaa ni kweli inaweza kukataa kuwasha injini iliyopata moto, na siwezi kuiondoa katika hesabu, ila kuifungua ni kazi ya gharama kubwa, na barua yako inaelekeza kidole mahali pengine.

Dalili ya kwanza ni huo moshi ambao hauonekani. Injini ya dizeli inapozungushwa na stata huku dizeli ikifika kwenye silinda bila kuungua, ekzosi hutoa moshi mweupe. Kwako hakuna moshi, maana yake dizeli haifiki. Dalili ya pili, ambayo umeitaja kana kwamba ni jambo dogo, ni kwamba lori huwaka baada ya utingo kufungua tanki. Tanki linapaswa kupumua: kila lita inayotoka sharti hewa iingie kuchukua nafasi yake, na tundu la kupumulia, ambalo kwenye malori mengi liko kwenye kifuniko, likizibwa na vumbi na matope, tanki hubaki likivutana na pampu hadi pampu ishindwe. Barabara tambarare injini hunywa kidogo na hewa hupenya polepole kwenye nyufa. Ukipanda na mzigo hunywa sana, na Timboroa, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,700, hata hewa ya nje inayosukuma mafuta kuelekea pampu ni nyepesi kuliko ya Eldoret. Ndiyo maana kasoro iliyojificha njia nzima hujitokeza hapo.

Kwa hiyo, safari ijayo injini ikizima, usimwache utingo aende na kijiti chake kabla hujafika mwenyewe. Fungua kifuniko polepole ukiweka sikio karibu. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka baada ya kusukuma pampu ya mkono (ile ndogo ya kuvutia dizeli kwa mkono injini ikiwa imezima), umepata jibu, na dawa yake ni kuosha kifuniko au kununua kingine.

Usiposikia kitu, tazama kiasi cha dizeli kilichobaki. Mrija wa kuvutia mafuta ndani ya tanki huweza kutoboka kwa kutu katikati; tanki likijaa tundu limezama na halidhuru, dizeli ikishuka chini yake pampu huvuta hewa. Kasoro hii huwapotosha mafundi wengi, kwa sababu lori hujazwa mafuta kabla ya kupelekwa gereji, na huko halizimi hata siku moja. Angalia pia chujio la waya lililo mwanzoni mwa mrija huo, na lile dogo la kwenye pampu ya kuvuta mafuta, kwani kubadilisha filta kubwa mara mbili hakusafishi hayo mawili. Na kama injini yako huzimwa kwa vali ya umeme badala ya kuvutwa kwa waya, washa na kuzima swichi huku mwenzako akisikiliza kwenye pampu; usiposikika mlio mdogo, umeme haufiki au koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya vali hiyo, hukata ikipata moto.

Kabla ya kumlipa yeyote, fanya jaribio moja ukiwa uwanjani. Chukua mtungi safi wa lita 20 wenye dizeli, uuinue juu ya usawa wa pampu, uunganishe na mlango wa pampu ndogo ya kuvuta mafuta kwa mpira unaopitisha mwanga, toa hewa yote kwa kulegeza skrubu ya filta huku ukisukuma pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kisha endesha injini kwa mwendo wa juu. Mtungi utapungua upesi kwa kuwa dizeli ya ziada hurudi kwenye tanki. Injini ikitulia, ugonjwa uko kwenye tanki au mabomba yake. Ikizima hata hivyo, hapo pampu ichunguzwe, na nitakuwa wa kwanza kukubaliana na fundi wako.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: lori likizima mlimani, usiliache lirudi nyuma ili uliwashe kwa gia. Injini iliyozima haizungushi kompresa inayojaza hewa ya breki, hivyo kila ukikanyaga breki unatumia hewa isiyorudishwa, na usukani huwa mzito. Weka mawe nyuma ya magurudumu, weka pembetatu mbali, na mkiondoka yatoeni mawe barabarani.

SWALI: Lori langu la mchanga lilizima ndani ya maji ya mafuriko. Stata ilizunguka kidogo ikakwama. Nilivute kwa trekta liwake?
Dereva, Ahero

JIBU: La, na usiguse swichi tena. Huenda injini imevuta maji kupitia filta ya hewa, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikilazimishwa kupanda dhidi yake, mkono wake hupinda. Livutwe hadi pakavu likiwa halina gia, toeni waya wa betri, kisha fundi atoe nozeli na kuizungusha injini kwa spana taratibu hadi maji yote yatoke. Achomoe na kijiti cha oili: oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwagwe yote pamoja na filta yake, hata kama mlikuwa mmeibadilisha juzi.